Sensa ya spidi imebadilishwa, mshale bado unaanguka: tatizo liko wapi?

Swali: Habari mtaalamu. Nina gari la otomatiki, la zamani kidogo, ambalo sensa yake ya spidi imefungwa kwenye gearboksi. Nikiwa mwendoni mshale wa spidi unaanguka ghafla mpaka sifuri, unakaa hivyo sekunde kadhaa, kisha unapanda wenyewe. Kilomita nazo zinaacha kuhesabu. Wakati huohuo gia zinaingia kwa kishindo na taa ya injini inawaka. Hutokea zaidi barabara ikiwa na mashimo. Fundi alipima kwa mashine akapata kodi (namba ya hitilafu) P0500, akafunga sensa mpya. Gari likakaa sawa wiki nzima, halafu mchezo ukaanza upya. Taa ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisifunge unapokanyaga breki) haijawahi kuwaka. Je, nimeuziwa sensa feki? Ninunue nyingine, au ndiyo kompyuta imeshakufa? Na je, naweza kuendelea kuliendesha?

Jibu: Usinunue sensa nyingine kwanza. Kompyuta nayo iache, husingiziwa mara nyingi kuliko inavyoharibika. Katika maelezo yako kuna jambo ambalo ningelishika kabla ya kushika spana: sensa mbili tofauti, ya zamani na mpya, zimekufanyia mchezo uleule, tena kwenye mashimo. Sensa mbili kuharibika kwa namna moja si jambo la kawaida. Kwa hiyo jiulize, sensa hizo mbili zimetumia nini kwa pamoja? Plagi ileile, nyaya zilezile, athi ileile, yaani njia ya kurudishia umeme.

Na ile wiki moja ya amani? Fundi wako alipochomoa plagi ya sensa ya zamani na kuichomeka kwenye mpya, alizikwangua pini kidogo bila kujua, akazisogeza nyaya zilizokuwa zimekaa vibaya. Hiyo peke yake inatosha kuliponya gari kwa siku kadhaa. Wengi huamini kifaa kipya ndicho kilichotibu, kumbe ni ule mkono uliochomoa na kuchomeka.

Kodi P0500 inasema tu kwamba kompyuta ya injini haipati taarifa ya mwendo inayoeleweka. Haisemi sensa imekufa. Kompyuta inaona injini inazunguka vizuri, mzigo upo, gia imeingia, lakini mwendo unasomeka sifuri kwa muda fulani, ndipo inapoandika kodi. Kubadilisha sensa kwa sababu ya kodi hiyo pekee ni sawa na kumlaumu aliyeandika barua kwa barua iliyopotea njiani. Kodi zinazoifuata zina maana tofauti kidogo: P0501 taarifa ipo ila haiendani na hali ya gari, P0502 ishara ni dhaifu mno, P0503 ishara inakatikakatika au inarukaruka. Ukiona P0720, hiyo inahusu sensa ya shafti ya kutokea ya gearboksi, ambayo kwenye magari mengi ya otomatiki ni kifaa kingine kabisa. Nimeona watu wakibadilisha moja wakati kodi inaizungumzia nyingine.

Kabla hujafuta kodi yoyote, mwambie fundi afungue ile kumbukumbu inayohifadhiwa pamoja na kodi: mzunguko wa injini, mzigo, joto la maji na kasi iliyokuwa ikisomeka pale hitilafu ilipoandikwa. Mafundi wengi huifuta bila kuiangalia. Ukikuta injini ilikuwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, imepata moto kamili, na kasi imeandikwa 0, basi unajua ishara ilipotea gari likiwa mwendoni, si pale ulipokuwa unawasha.

Sasa tugawanye kazi. Taarifa ya mwendo inaanzia kwenye gearboksi, inapita kwenye nyaya, inafika kwenye bodi ya geji, yaani ile yenye mishale kwenye dashibodi, na kwenye kompyuta. Magari mengine huipeleka kwanza kwenye bodi ya geji, nayo ndiyo huisafisha na kuipeleka kompyuta. Mengine huigawa katikati ya njia. Kujua gari lako ni la aina gani, tafuta mchoro wake wa nyaya, maana bila mchoro utakuwa unapapasa tu. Lakini hata kabla ya mchoro kuna kipimo kisichohitaji kufungua kitu. Mtu wa pili akae pembeni yako na simu inayoonyesha kasi kwa GPS, na mashine ya kupimia iwe imewekwa kwenye ukurasa wa kasi ya gari. Wewe endesha tu, yeye aangalie vitu vitatu kwa pamoja: simu, mshale, na mashine.

Mshale ukianguka huku mashine ikiendelea kusoma kasi sahihi, sensa yako ni nzima na tatizo liko kwenye bodi ya geji au waya unaoingia hapo. Mashine ikisoma sifuri huku mshale uko sawa, ishara inapotelea kati ya bodi ya geji, au pale njia inapogawanyika, na kompyuta. Vyote viwili vikianguka kwa mpigo mmoja, kosa liko kabla njia haijagawanyika: jino la gia, sensa yenyewe, plagi yake, umeme wake, athi yake, waya wa kwanza, au bodi ya geji kama ishara inapitia huko kwanza. Kwa maelezo yako, gia zinapiga kishindo, kilomita zinasimama na mshale unaanguka kwa wakati mmoja, kwa hiyo natarajia ukute hali hii ya tatu. Kilomita kusimama ni kidokezo kizuri hapa. Kama mshale ungekuwa unaanguka huku kilomita zinaendelea kuhesabu, ningekuambia ukaangalie mota ndogo inayousukuma mshale huo na uachane na gearboksi.

Usishtuke ukikuta mshale unasoma juu kidogo ya simu. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inakataza geji ya spidi kuonyesha chini ya kasi halisi, na inairuhusu kuzidi hadi asilimia 10 ya kasi hiyo na kilomita 4 juu yake. Kwa hiyo gari likienda 60 halisi na mshale ukasema 64, hapo hakuna ugonjwa. Tofauti inayokua sawia na mwendo huletwa na saizi ya tairi au gia ya sensa yenye idadi ya meno isiyo yake, wala haihusiani na kukatikakatika.

Tuingie chini ya gari. Sensa za spidi za gearboksi ziko za aina mbili kuu, na kuzichanganya ndiko kunakowapotosha wengi wenye mita mkononi. Ya kwanza ina sumaku na koili ndani, na huwa na nyaya mbili. Haihitaji kulishwa umeme, inazalisha wake mdogo kila jino la chuma linapopita mbele yake. Umeme huo ni wa kupanda na kushuka, na unaongezeka kadiri kasi inavyoongezeka. Gari likitambaa unaweza kuwa sehemu ndogo ya volti, likikimbia unafika volti kadhaa. Ndiyo maana sensa ya aina hii ikichoka, au ikikaa mbali na meno, hupoteza kwanza mwendo wa polepole huku ikisoma vizuri barabara kuu.

Ya pili ina kipande cha elektroniki ndani yake, na kwa kawaida huwa na nyaya tatu: wa moto, wa athi na wa ishara. Hutoa mapigo ya mraba, yaani umeme upo au haupo, na ukubwa wake haubadiliki gari likiwa polepole au likikimbia. Hii usiipime kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Mita inasukuma umeme wake mdogo ndani ya sensa na kukupa namba isiyo na maana, halafu unaitupa sensa nzima. Ile ya koili ndiyo inayopimika kwa omu. Mara nyingi utapata kuanzia mamia kadhaa hadi elfu mbili na ushee, kutegemea gari, na kinachotafutwa ni koili iliyokatika au iliyopiga shoti. Ila koili inaweza kuonyesha omu nzuri ikiwa baridi na kukatika ikipata moto. Hivyo kipimo cha omu kikikubali hakijaisafisha sensa, kikikataa kimeihukumu.

Gari lako, kwa jinsi ulivyolieleza, huenda ni la nyaya tatu. Chomoa plagi na uhesabu.

Na hapo kwenye plagi ndipo ningekaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Ichomoe, iangalie kwenye mwanga mzuri, usiipapase tu kwa kidole. Unatafuta ukijani kwenye pini, maana shaba ikila maji hutoa kutu ya kijani. Unatafuta mafuta ya gearboksi, ambayo hupenya kupitia mwili wa sensa iliyozeeka, yakapanda ndani ya plagi na hata ndani ya waya wenyewe. Unatafuta kifungio cha plastiki kilichovunjika, kile kinacholia “tak” ukichomeka. Kifungio kikiwa kimekufa, plagi hukaa pale kwa huruma tu, na kila shimo la barabarani linaivuta kidogo nyuma.

Halafu kuna jambo ambalo jicho halilioni. Upande wa kike wa plagi una vimidomo vya chuma vinavyobana pini ya sensa. Vikipanuka, pini inaingia na kutoka bila kukwaruza. Tafuta pini moja ya ukubwa uleule, hata ya kutoka sensa ya zamani kama hujaitupa, uiingize kwenye kila tundu kisha uivute taratibu. Matundu mazuri yanaivuta kwa ukinzani unaousikia mkononi. Tundu linaloiachia ovyo ndilo linalokatiza ishara kwenye mashimo. Vimidomo hivyo hupanuliwa mara nyingi na sisi mafundi wenyewe, tunapotumbukiza ncha nene ya mita kwa mbele ili kupima. Ncha ipite kwa nyuma ya plagi, kandokando ya waya, kwa sindano nyembamba. Wala waya usitobolewe katikati: tundu hilo dogo linaingiza maji, na baada ya miezi shaba ya ndani inakuwa unga wa kijani huku ganda la nje likionekana zima.

Fuata waya kutoka kwenye plagi kwenda juu kwa urefu wa mkono mmoja au miwili. Angalia pale unapopita karibu na bomba la ekzosi, pale unapobanwa na kifungo cha bodi ya gari, na pale unapojikunja kila injini inapotikisika. Waya ukikatika ndani ya ganda hautaonekana, lakini ukiuvuta polepole, sehemu iliyokatika hurefuka na kunyong’onyea kama mpira. Sehemu nzima haivutiki.

Baada ya macho, mita. Plagi ikiwa imechomolewa, washa swichi bila kuwasha injini. Kati ya waya wa moto na athi ya plagi utegemee karibu volti za betri, au volti 5 kwenye magari mengine, mchoro utakuambia. Kati ya waya wa ishara na athi, kwenye magari mengi utakuta pia volti 5 au karibu na 12, zinazoletwa na kompyuta au bodi ya geji. Sensa kazi yake ni kuzishusha volti hizo mpaka sifuri na kuziachia, tena na tena. Zikiwepo, umejua waya wa ishara haujakatika na kule mwisho kuna anayesikiliza. Zisipokuwepo wakati mchoro unasema zinatakiwa, usiiguse sensa, tafuta waya uliokatika au uliopiga shoti kwenye bodi ya gari.

Mita ina udhaifu mmoja. Waya wenye nyuzi ishirini za shaba ukibakiwa na uzi mmoja, mita bado itakuonyesha volti 12 safi, kwa sababu yenyewe haivuti umeme wa maana. Kwa hiyo, pale ambapo sensa inalishwa volti 12 kupitia fyuzi na athi yake imefungwa kwenye bodi ya gari, chukua taa ndogo ya wati 5 uiunge kati ya moto na athi ya plagi. Ikiwaka kwa nguvu, zitikise nyaya huku ukiitazama. Ikififia au kupepesa, umekaribia. Lakini ikiwa sensa inalishwa volti 5 na kompyuta, au athi yake inarudi kwenye kompyuta, usithubutu kuweka taa. Hapo utaitengenezea kompyuta ugonjwa ambao haikuwa nao.

Sasa kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa tatizo la aina yako, kwa sababu kinakuwezesha kutikisa nyaya gari likiwa limesimama. Sensa nyingi za magari ya zamani ya Kijapani huwa na kishafti chenye gia ndogo ya plastiki mwishoni, inayozungushwa na gia iliyo ndani ya gearboksi. Safisha kwanza eneo lote, maana mchanga ukiingia kwenye gearboksi ya otomatiki utakuwa umejinunulia balaa kubwa kuliko hili. Fungua sensa, ziba tundu kwa kitambaa safi kisicho na nyuzinyuzi, iache sensa ikiwa imechomekwa kwenye plagi yake, washa swichi, kisha zungusha kishafti kwa drili inayokwenda polepole. Mshale wa dashibodi utapanda.

Utapanda mpaka wapi? Kwa magari mengi yaliyofuata kiwango cha Kijapani, kishafti huzunguka mara 637 kwa kila kilomita moja, na kila mzunguko unatoa mapigo manne. Mwendo wa 60 ni kilomita moja kwa dakika, kwa hiyo drili ikizunguka mara 637 kwa dakika mshale unatakiwa usimame kwenye 60. Drili yako ikiwa ya mizunguko 600, utauona karibu na 57. Ukiwa na mita inayosoma hezi, yaani mapigo kwa sekunde, weka kwenye waya wa ishara: 60 inakupa takriban hezi 42, na 30 inakupa 21. Ukitumia kipimo cha kawaida cha volti wakati kishafti kinazunguka haraka, usiogope kukuta nusu ya volti zilizokuwepo, mfano 2.5 mahali pa 5. Mita inakupa wastani wa kuwepo na kutokuwepo kwa umeme. Magari ya watengenezaji wengine yana hesabu yake. Ford nyingi za miaka ya 1990, kwa mfano, zilitoa mapigo 8,000 kwa kila maili. Ndiyo maana sensa inaweza kuingia kwenye tundu vizuri, plagi ikakubali, na bado ikasoma mwendo wa uongo.

Drili ikiendelea kuzunguka na mshale ukiwa umetulia, mtu mmoja aanze kutikisa. Aanzie kwenye plagi: kushoto, kulia, nyuma, mbele. Halafu waya kipande kwa kipande. Halafu fyuzi kwenye kisanduku chake. Halafu ile sehemu ya athi inapofungwa kwenye bodi kwa bolti, ambayo mara nyingi imefunikwa na kutu au rangi. Apige kidogo kwa mpini wa bisibisi juu ya bodi ya geji pia. Mshale ukianguka, rudieni kutikisa palepale mpaka mjiridhishe kwamba kila mkono ukigusa unaanguka. Hapo hakuna ubishi tena.

Mshale ukikataa kuanguka kwa kutikiswa kokote, huenda sensa na nyaya hazina kosa, kwa hiyo igeukie ile gia ya plastiki. Angalia meno yake yote, uizungushe kwa kidole mzunguko mzima. Meno yaliyolika upande mmoja, au gia inayoteleza juu ya kishafti chake, hushika barabara ikiwa laini na kuachia gari likirushwa. Angalia pia kipini kidogo kinachoibana gia isitoke. Kwa sensa zisizo na kishafti, zile zinazotazama meno moja kwa moja, futa ncha yake. Sumaku hukusanya unga wa chuma kutoka kwenye mafuta, na ndevu zile zikiwa nene hulainisha mapigo mpaka kompyuta isiyaone. Unga kidogo kama grisi nyeusi ni kawaida. Vipande vinavyong’aa si kawaida, na hapo mazungumzo yanahamia kwenye gearboksi.

Kama sensa yako haina kishafti cha kuzungusha, utalazimika kuzungusha tairi. Sikia vizuri hapa. Gari la kawaida ukiinua tairi zote mbili zinazovuta na kuzungusha moja kwa mkono, ya pili huweza kuzunguka kinyume chake. Difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili, ndiyo inayofanya hivyo, na shafti inayosomwa na sensa inaweza isizunguke kabisa. Mtu anatazama mita, haoni kitu, anatangaza sensa imekufa. Inua tairi moja tu inayovuta, nyingine ibaki chini, gia iwe N, na swichi iwe imewashwa. Weka vizuizi mbele na nyuma ya tairi zilizo chini, na gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki. Ukizungusha tairi polepole, waya wa ishara wa sensa ya nyaya tatu utaruka kati ya sifuri na volti zake. Kuiweka gari yote juu na kukanyaga mafuta ili ipime spidi sikushauri. Gari la otomatiki linaloshuka kwenye stendi likiwa na gia halimsubiri mtu.

Swali ambalo fundi wako pengine hakukuuliza: je, kuna kitu kiliongezwa kwenye gari? Redio yenye ramani, king’ora, kifaa cha kufuatilia gari, kifaa cha kupunguza mwendo. Vingi vya hivyo huungwa kwenye waya wa spidi nyuma ya dashibodi, mara nyingi kwa kuuchuna waya na kuzungusha taipu. Muungo huo ukilegea unakatiza ishara ya wote, na kifaa chenyewe kikiharibika huweza kuushusha waya mzima ukawa sifuri. Dalili yake inafanana kabisa na ya kwako. Kichomoe kifaa hicho kwa siku kadhaa uone.

Bodi ya geji naitaja kwa kifupi, kwa kuwa sitegemei ndiyo. Miungo ya lehemu nyuma yake hupasuka kwa joto na mtikisiko, na kwenye gari ambalo ishara inapitia huko kwanza, mpasuko mmoja unaweza kuangusha mshale, kilomita na kompyuta kwa pamoja. Ile bisibisi ya kugongagonga ndiyo kipimo chake.

Wasomaji wenye magari mapya zaidi watajaribu haya yote na wasiione sensa kwenye gearboksi. Magari mengi ya sasa hayana. Mwendo unachukuliwa kutoka kwenye sensa za ABS zilizo kwenye tairi, na kompyuta ya ABS ndiyo inayowagawia wengine. Huko mshale ukianguka, kwa kawaida taa ya ABS huwaka nao, na kazi ni kusoma mwendo wa tairi zote nne kwa mashine gari likienda polepole na moja kwa moja, kutafuta ile inayobaki nyuma au kufika sifuri kabla ya wenzake. Tahadhari mbili za huko: sensa ya tairi yenye nyaya mbili si lazima iwe ya koili, nyingi ni za elektroniki na omu hazina maana kwake, na beringi yenye ukanda wa sumaku ubavuni ikifungwa kinyume, sensa mpya hata tatu hazitasoma kitu. Kwako wewe, kwa kuwa taa hiyo haijawahi kuwaka na sensa yako iko kwenye gearboksi, huko usiende.

Kuhusu sensa feki. Zipo, sikatai, na baadhi hufa zikipata moto. Lakini hiyo ina tabia yake: gari linakuwa zima asubuhi, hitilafu inaanza baada ya mwendo fulani gearboksi ikishapata joto, na inapoa nayo, mashimo yawepo yasiwepo. Ukiona hivyo, ipashe sensa kwa mashine ya kukaushia nywele huku drili ikizunguka, mshale utakuambia. Ya kwako inafuata mashimo. Kama bado unayo ile ya zamani, ifunge tena baada ya kutengeneza plagi. Nina wasiwasi utaikuta nzima.

Kuliendesha unaweza, kwa muda mfupi na kwa adabu. Kishindo cha gia kinatokana na kompyuta kukosa mwendo wa kupangia mabadiliko, kwa hiyo inatumia shinikizo kubwa la mafuta kujilinda, na kwenye magari mengi ule mfungo wa ndani wa gearboksi unaookoa mafuta kwenye mwendo wa juu hauingii. Gearboksi inapata joto zaidi na tangi linaisha haraka. Jihadhari unapokaribia kusimama, maana baadhi ya magari hujizima hapo kompyuta isipojua kama unaenda au umesimama, na injini ikizimika breki na usukani vinakuwa vizito. Kifaa cha kushikilia mwendo usikiwashe kabisa. Safari ndefu yenye mzigo na milima isubiri.

Ukishatengeneza, futa kodi, kisha rudi kwenye ile barabara mbovu na mashine ikiwa imechomekwa, ukurasa wa kasi ukichora mstari. Mstari usiwe na shimo hata moja. Washa na kuzima gari mara kadhaa kwa siku tofauti ndipo usome kodi tena, ukiangalia na zile zinazosubiri kuthibitishwa, ambazo hazijawasha taa bado. P0500 ikitokea kwenye orodha hiyo hata kama mshale hujauona ukianguka, rudi kwenye waya kati ya pale njia inapogawanyika na kompyuta, kwa sababu upande wa geji utakuwa umepona na wa kompyuta bado.